Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: chura akiugua, tumwite nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia habari za mnyama anayeenea kwenye kijiko cha chai. Chura wa Kihansi hafiki sentimita 3, huzaa watoto hai, na kwao duniani kote palikuwa mahali pamoja tu: penye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa. Maji yalipochepushwa kuzalisha umeme, akawekewa manyunyu ya mabomba. Juni 2003 walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Mwaka haujaisha, waliobaki unawahesabu kwa vidole. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini.

Lawama nyingi zilibebwa na bwawa, na kweli bwawa lina lake. Ila mizoga ilikutwa na fangasi wa kitridi, anayeogelea majini na kushambulia ngozi. Chura hunywa kwa ngozi, na kwa kiasi kikubwa hupumua kwa ngozi. Ikiharibika, chumvi za mwili huvurugika mpaka moyo usimame. Hata wale 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000 waliandamwa na minyoo ya mapafu. Bahati uzao wao ulirudi, na tangu 2012 wanaachiwa tena korongoni.

Hofu yangu ni kwamba tumemkariri adui mmoja. Kuna pia ranavirusi, wanaoua vyura, samaki na hata kobe. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeyaorodhesha magonjwa yote mawili kuwa ya kutolewa taarifa. Sasa taarifa za magonjwa ziko kwa wenzako wa mifugo, vyura wako kwako. Ng'ombe akikohoa kijijini anaitwa bwana mifugo. Chura akigeuka tumbo juu?

Majuzi nilipanda mlimani na wenzangu. Mmoja gambuti zake zilikuwa na tope bichi la majaruba ya mpunga ya jana yake, na tope kama hilo laweza kubeba magonjwa haya. Hakuna aliyemuuliza, na zangu nami sikuwa nimezisugua.

Naomba kaeni meza moja na wizara ya mifugo. Vyura wapimwe magonjwa yote kwa pamoja, Kihansi na huko chini maji yanakoishia, kwenye ardhioevu ya Kilombero. Na kabla ya kikao hicho, kila njia ya kushukia korongoni iwekwe beseni, brashi na dawa ya klorini. Mtafiti asugue, mgeni asugue, nawe Mheshimiwa ukitutembelea.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia, Ifakara