Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kipimo cha CA-125 kwa mwanamke anayevimba tumbo

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mteknolojia wa maabara, mkazi wa Temeke, Dar es Salaam. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu nilimzika mama yangu mdogo kwa saratani ya ovari (mifuko ya mayai ya mwanamke), na kila wiki naona damu za wanawake wengine wanaopita njia ileile aliyopita yeye.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani pale Tandika. Fundi anaujua mwili wake kwa futi. Aliniambia kiuno kimeongezeka inchi nne, na huku mikono inakonda na mashavu yanabonyea. Gauni lake la kitenge alilifumua ubavuni akatia kipande, na baada ya wiki tano akalifumua tena. Akila vijiko vitatu vya wali ameshiba. Usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Alikuwa na miaka 58, na wateja walimtania kwamba ana mimba ya uzeeni.

Alikwenda kutibiwa mara tatu. Mara ya kwanza alipewa dawa ya vidonda vya tumbo, ya pili akaambiwa ni U.T.I., ya tatu ikawa taifodi. Mara zote hizo alipimwa na malaria. (Naomba ulishike hilo la malaria, nitalirudia.) Kwenye mkoba alikuwa na kadi ya uchunguzi wa shingo ya kizazi iliyoandikwa hana tatizo, na kila nilipomhimiza alinionyesha kadi ile: "Mbona mimi nimeshapimwa kansa, mwanangu?" Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uchunguzi ule haufiki kwenye ovari.

Miezi sita ilikuwa imepita, ndipo daktari mmoja kijana akamlaza kitandani, akamgonga tumbo kwa vidole na kumwandikia altrasaundi na CA-125, kipimo cha damu kinachosaidia kuitambua saratani ya ovari. Altrasaundi ilifanyika siku hiyohiyo. Ilionyesha uvimbe kwenye ovari zote mbili na maji tumboni. CA-125 haikufanyika. Kitendanishi, yaani dawa ya maabara ya kupimia, kimeisha, tukaambiwa, rudini wiki ijayo. Tulirudi mara mbili, kisha tukachanga na kulipa maabara binafsi. Jibu likatoka 612, wakati kiwango cha kawaida ni chini ya 35. Alipofika kwa madaktari wa saratani, ugonjwa ulikuwa umeshaenea kwenye utando wa tumbo. Aliishi miezi minane.

Mheshimiwa, sisemi kitendanishi kile kingemponya. Wiki tulizopoteza kukitafuta zilituuma, lakini kilichomponza zaidi ni ile miezi sita ambayo hakuna aliyewaza ovari. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike.

Sasa nirudi kwenye malaria. Kile kipimo cha haraka cha malaria kinachofanyika kila zahanati, cha tone la damu kidoleni na mstari unaojitokeza kwa dakika 15 au 20, kinafanya kazi kwa kingamwili za monokloni, yaani kingamwili za aina moja tu zinazotengenezwa maabara, sawa na kipimo cha CA-125. Kipimo cha mimba cha mkojo kinachouzwa kila duka la dawa kuanzia Mbagala hadi Tegeta ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akisema teknolojia hii ni ya mabara mengine, mwonyeshe pipa la taka la maabara yoyote ya Kinondoni.

Asili yake ni Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein walichukua seli za kinga za panya wakaziunganisha na seli za saratani. Seli ya kinga inajua kutengeneza kingamwili ya aina moja tu, inayotambua kitu kimoja tu, lakini haiishi muda mrefu. Seli ya saratani haichoki kuzaliana. Zikiungana, unapata seli inayotoa kingamwili ileile bila kukoma. Mwaka 1984 walipata Tuzo ya Nobel. Mimi hadi leo nikiwaza kwamba uhai usiokoma wa seli ya saratani ndio uliotupa silaha ya kuitafuta saratani yenyewe, huwa nasimamisha kazi kidogo.

Kule Boston, Marekani, Robert Bast, Robert Knapp na wenzao walitumia njia hiyo. Walimdunga panya seli za saratani ya ovari, wakapata kingamwili waliyoiita OC125 na kuitangaza mwaka 1981. Kitu inachokikamata, protini kubwa yenye sukari nyingi, ndicho tunachokiita CA-125. Mwaka 1983 walichapisha kipimo cha damu: kati ya wagonjwa wa saratani ya ovari, asilimia 82 walikuwa juu ya 35. Kati ya watu wenye afya, asilimia 1 tu. Vipimo vingi vya leo hutumia kingamwili mbili. Ya kwanza imebandikwa kwenye chombo, inaikamata CA-125 iliyo kwenye damu na kuishikilia. Kisha tunaosha, tunatia ya pili yenye alama inayotoa mwanga, na mashine inausoma mwanga huo. Kazi yote huchukua chini ya saa moja. Na mashine inayopima homoni za thairoidi, au PSA, kipimo cha tezi dume kwa wanaume, mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayopima CA-125. Kinachokosekana ni chupa ya kitendanishi.

Lakini sikuombi umpime kila mwanamke wa Dar es Salaam. Hapo naomba nieleweke vizuri, maana kuna watu wanakiuza kipimo hiki kwenye vifurushi vya "kucheki mwili mzima", na mimi nimeona madhara yake. Binti wa miaka 24 alikuja kwetu na karatasi iliyoandikwa 48, macho yamevimba kwa kulia usiku kucha. Alikuwa ametolewa damu akiwa kwenye hedhi. CA-125 hupanda wakati wa hedhi, kwenye ujauzito, kwenye faibroidi, endometriosisi (tishu za ndani ya mfuko wa uzazi zinapoota nje yake) na maambukizi ya nyonga. Hapa kwetu kuna kubwa zaidi: TB ya tumbo. Mwanamke anaweza kuwa na maji tumboni na CA-125 ya mamia, kumbe ni TB ambayo dawa za miezi sita zinaimaliza. Na upande wa pili, saratani ikiwa ndiyo kwanza inaanza, takriban nusu ya wagonjwa namba yao iko kawaida. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na majibu ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo. Mahema ya kupima kila mpita njia Mnazi Mmoja hayatatusaidia kwa ugonjwa huu.

Mwenye dalili ni habari nyingine kabisa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 ulisema: mwanamke, hasa aliyefikisha miaka 50, mwenye tumbo linalojaa kila mara, anayeshiba haraka, mwenye maumivu ya nyonga au haja ndogo ya mara kwa mara, apimwe CA-125, na ikifika 35 afanyiwe altrasaundi. Na tangu 1990 kuna hesabu rahisi ya kuamua nani apelekwe kwa bingwa: alama za altrasaundi, mara alama za kukoma hedhi, mara CA-125. Ikizidi 200, mpeleke. Ya mama mdogo niliifanya nyuma ya risiti ya maabara, nimesimama kituoni nasubiri daladala: 3 mara 3 mara 612. Inakuja 5,508. Ilinichukua nusu dakika, na ningeweza kumfundisha muuguzi yeyote akaijua kwa nusu saa.

Ninachoomba kinawezekana kwa vitu tulivyo navyo. Kwanza, Wizara itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye vyumba vya daktari kuanzia zahanati: mwanamke wa makamo anayerudi mara ya pili na tumbo lilelile asipewe vidonge tena kabla ya kupapaswa tumbo na kuandikiwa altrasaundi. Karatasi hiyo itaje TB kwa jina. Iseme pia, ili tuwaambie wanawake wanaokuja kupima shingo ya kizazi, kwamba kadi ile haizungumzii ovari. Pili, hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala ziwe na kitendanishi cha CA-125 wakati wote, kikiagizwa kwa utaratibu kupitia Bohari ya Dawa, badala ya kusubiri maabara ipige simu chupa ikishakauka. Tatu, mgonjwa mwenye altrasaundi mbaya asilipishwe kipimo hiki mfukoni. Familia yetu ilichanga kwa siku tisa. Wapo wasio na wa kuchanga nao.

Kama Wizara itahitaji mtu wa maabara kusaidia kuandika ukurasa ule, nipo tayari kuja siku yoyote nisiyo na zamu. Nimeshaanza rasimu. Mstari wa kwanza nimeuandika hivi: "Muulize kama nguo zake zimembana kiunoni."

Wako mtiifu,

Mteknolojia wa maabara
Temeke, Dar es Salaam