Kabla hujamhamisha mtoto shule, omba uone daftari la hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Itakuwa ndefu kidogo lakini naomba msiikate sana, maana najua kuna wazazi wengi sa hivi wameshika barua ya uhamisho wa kazi mkononi na wanajiuliza watoto wataenda shule gani, na mi nilipita hapo hapo nikakosea, mtoto wangu akalipia muhula mzima.

Mume wangu ni mtumishi wa umma. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 ofisi yao haikuondoka mara moja, ila ilipoondoka alitangulia yeye sisi tukabaki Dar, akawa anakuja wikiendi kwa basi, baadae treni ya SGR ilivyoanza 2024 ikawa nafuu lakini bado nyumba ni mbili, kodi mbili, na watoto wanakua baba yao wanamuona Jumamosi na Jumapili. Tukasema basi, Januari 2025 tunahamia wote. Binti anaingia kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume anaingia kidato cha kwanza, na yule wa mwisho yuko shule ya msingi, huyo hakunisumbua. Shule za binafsi hatuziwezi kwa watoto watatu, kwa hiyo tulikuwa tunatafuta shule ya serikali, ya kutwa, nzuri.

Sasa hilo neno nzuri ndo lilinipoteza. Nikafanya kama kila mtu anavyofanya, nikaingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, nikafungua matokeo ya kidato cha nne, nikaangalia divisheni wani ngapi, ziro ngapi, nikaandika kwenye karatasi. Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la wake za wafanyakazi wa ofisi ya mume wangu, wote wakataja shule moja, jina kubwa, iko mjini, majengo ya zamani yenye miti. Siitaji hapa maana sina ugomvi na walimu wake, na yaliyonikuta pale yanaweza kumkuta mtu popote. Nikapambana nikapata nafasi, mkuu wa shule akakubali kumpokea, barua zikapita ofisi za elimu za huku na huko, nikafurahi kweli.

Mwezi wa tatu nikakaa na binti mezani nikamwambia lete madaftari niyaone. Hilo la hesabu lilikuwa na kurasa nne zimeandikwa. Nne, toka Januari. Na hizo nne mwandiko ni wake yeye, amenakili kwa mwenzake wa mwaka jana, hakuna peni nyekundu hata sehemu moja. Nikamuuliza mwanangu mwalimu yuko wapi, akanijibu taratibu tu, "Mama, mwalimu wa hesabu alihama mwezi wa kumi na moja, tunaambiwa anakuja mwingine." Miezi minne watoto wanaambiwa anakuja mwingine! Alafu ndo shule ambayo mji mzima unaisifia.

Usiku ule sikulala. Nikarudi kwenye yale matokeo nikayasoma upya na hapa ndo nataka wazazi wenzangu mnisikilize vizuri, maana taarifa nyingi zipo wazi ila hatujui pa kuangalia. Kwanza, madaraja yanahesabiwa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, pointi 7 mpaka 17 ni divisheni wani, kwa hiyo mtoto anaweza akawa na cheti kinachopendeza kabisa na hesabu ana F. Ukishuka chini kwenye ukurasa wa shule, chini ya yale majina ya namba namba, kuna jedwali la somo moja moja, wangapi wamefanya, wangapi wamefaulu, na GPA ya somo, yaani wastani wa alama. Hiyo GPA inasomwa kinyume na mlivyozoea ya chuo, ndogo ndo nzuri, A ni 1 na F ni 5. Mi nilikuwa sijawahi kushuka mpaka huko. Niliposhuka nikaona Kiswahili vizuri, historia vizuri, uraia vizuri, hesabu imelala huko karibu na tano, na fizikia imefanywa na watoto wachache kama familia moja. Binti yangu anataka uuguzi, sasa bila masomo ya sayansi ataingilia mlango gani?

Pili, na hili ndo liliniuma zaidi. NECTA wanatoa pia matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, shule kwa shule. Chukua waliofanya kidato cha pili mwaka 2022, alafu chukua waliofanya kidato cha nne 2024, ni watoto wale wale, ulinganishe idadi. Nilikaa na simu nikahesabu. Karibu theluthi hawapo. Najua wapo waliohama na wazazi wao kama sisi, wapo waliokariri darasa, wapo walioacha kabisa, siwezi kusema nani kaenda wapi, lakini shule ikipoteza theluthi ya watoto njiani alafu waliobaki wakafaulu, ule ufaulu ni wa nani? Nikachukua shule ya kata iliyo karibu na tunapoishi, ile ambayo kwenye grupu walisema usimpeleke mtoto kule ni kayumba, yaani shule duni, nikaifanyia hesabu hiyo hiyo, walioingia na waliotoka ni karibu sawa. Divisheni wani wachache, ndio, lakini watoto wao wako pale pale wanasukumana nao mpaka mwisho.

Ndo nikaamua kwenda mwenyewe kwa miguu. Nikaomba ruhusa kazini siku moja nikafika pale kata saa moja na nusu asubuhi bila kumpigia mtu. Mwalimu wa taaluma akanipokea, mama wa makamo hivi, nikamsalimia shikamoo mwalimu, akaitika marahaba karibu mama. Nikamwambia ukweli wote, nikamwambia mwalimu mi sijaja kukagua nimekuja kama mzazi nimeumia. Hakukasirika. Akanionyesha ratiba iliyobandikwa ukutani, majina ya walimu kwenye kila kipindi, alafu akamuita mtoto mmoja wa kidato cha tatu akamwambia lete daftari lako la hesabu. Yule mtoto akaja nalo, limefunikwa gazeti, pembe zimekunjamana, nikafungua ukurasa wa mwisho nikakuta vema na kosa za peni nyekundu, sahihi, na tarehe ya juzi yake. Hapo hapo nilitaka kulia.

Mapungufu yapo siwafichi. Darasa lina watoto sabini na kitu, wengine wanakaa watatu kwenye madawati ya wawili. Maabara ni tatu, zile za enzi za Kikwete alivyoagiza kila shule ya kata iwe nazo, majengo yapo ila ya fizikia inatumika kama stoo, nilichungulia dirishani nikaona viti vimevunjika vimerundikana juu ya meza za majaribio. Ya kemia inafanya kazi, sinki zina maji, chupa zimepangwa. Vyoo vya wasichana nikaomba niingie, na nawaomba kina mama msione aibu kuomba, vina milango na vina ndoo ya maji, basi. Kule shule ya kwanza bomba lilikuwa limefungwa kwa kufuli na binti alikuwa ananificha kwamba siku zake akiwa mwezini haendi shule au anarudi saa nne. Muhula mzima sikujua. Hakuna tovuti itakayokuambia hilo.

Mwezi wa saba binti akahamia kata. Hakuwa bingwa wa hesabu ghafla, muhula mmoja aliopoteza bado anaulipa mpaka leo, Jumamosi anaenda kwa mwalimu wa hesabu wa pale kata na wenzake kama kumi kujazia mada alizozikosa. Na kuna jambo nusura litukwamishe, alama zake endelevu, zile zinazojumuishwa na mtihani wa mwisho, zilitakiwa zimfuate kutoka Dar kwenda shule ya kwanza mpaka hii ya pili, nilizifuatilia kwa simu kama wiki tatu. Mzazi usiondoke shule ya zamani bila kuhakikisha kumbukumbu za mtoto zimetumwa na namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, unayo umeiandika mahali. Na kama mtoto yuko darasa la mtihani, kidato cha pili au cha nne, fikiria mara mbili, usajili ukishafungwa kumhamisha ni balaa, bora abaki kwa shangazi au bibi amalize.

Huyu wa kiume nae ana lake. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, kwenye sekondari, na kule Dar alikuwa amepangwa shule yenye amali, anapenda umeme kufa. Kwenye karatasi yangu ya kulinganisha shule sikuwa nimeandika hata neno moja kuhusu hilo, nilidhani kidato cha kwanza ni kidato cha kwanza popote. Kumbe shule zenye mkondo huo ni chache na ile ya karibu nasi haina, ana masomo ya jumla. Ni hivyo hivyo kwa masomo ya kuchagua, unaweza ukamtoa mtoto anasoma komasi na bukukipingi ukampeleka mahali mwalimu wa hayo masomo hajawahi kuwepo. Mpaka leo sijapata jibu la huyu kijana na naumia, maana ni mimi niliyesema tuhame mwaka huo.

Sasa Mhariri nifike kwenye ombi. Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora na mi nawaunga mkono, ile orodha ilikuwa inatudanganya, unailinganishaje shule ya vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru au Msalato, ambayo imechaguliwa watoto wenye alama za juu nchi nzima, na shule ya kata inayopokea kila mtoto wa mtaa? Lakini tulivyoondolewa orodha hatukupewa kitu kingine, kwa hiyo tumerudi kwenye sifa za mdomoni, na sifa za mdomoni zinachelewa miaka kumi. Watu wanasifia shule waliyoisikia zamani.

Naomba TAMISEMI, wanaosimamia shule za serikali, na Wizara ya Elimu watuwekee wazi kwa kila sekondari ya serikali mambo machache tu. Walimu wangapi wa hesabu, fizikia, kemia, baiolojia na Kiingereza wapo kweli sa hivi, siyo ikama ya kwenye karatasi. Wangapi waliingia kidato cha kwanza na wangapi wamemaliza cha nne. Masomo gani yanafundishwa na kama amali ipo. Maji yapo au hayapo. Hizi taarifa wakuu wa shule wanazijaza kila mwaka na kuzituma juu, hatuombi wafanye utafiti mpya, tunaomba tuzione. Mwalimu wa hesabu akihama mwezi wa kumi na moja nafasi yake ionekane iko wazi toka siku hiyo, na aliyeko juu aone kwamba na sisi tunaiona.

Na waajiri, serikalini na kwenye makampuni, barua za uhamisho zitoke basi kabla ya mwezi wa tisa ili mzazi apate muda wa kwenda kuona shule kwa macho yake. Yangu mimi ilitoka wiki mbili kabla ya Krismasi. Shule zimefungwa, walimu wako likizo, utamuuliza nani? Ndo maana niliamini grupu la WhatsApp. Jirani yangu hapa amepata uhamisho wa kwenda Kigoma juzi tu, ana mtoto kidato cha tatu, kaja kuniuliza nikamwambia dada yangu panda basi uende kwanza peke yako, fika asubuhi, usiende ofisi ya mkuu moja kwa moja, simama kidogo nje ya darasa la kidato cha tatu saa tatu hivi uangalie kama kuna mtu mbele ya ubao. Alafu omba daftari.

Mama wa watoto watatu,
Nzuguni, Dodoma