Barua kwa mwanangu: utajuaje kama hekima imetoka juu?

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Umeniuliza utajuaje kama uamuzi unaotaka kuufanya umetoka kwa Mungu au ni akili yako tu inayokusukuma. Nimeona nikujibu kwa barua, maana haya ni ya kusoma taratibu huku Biblia iko wazi mbele yako.

Kwanza, usiichukie akili. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Danieli na wenzake waliwekwa miaka 3 wakisoma elimu na lugha ya Wakaldayo, na imeandikwa kwamba Mungu ndiye aliyewapa ujuzi huo (Danieli 1:17). Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, vito, mbao. Hata Yethro alipomshauri mkwewe Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, aliyasema yale kwa uzoefu wa mtu mzima aliyeona mtu akijichosha. Lakini angalia alivyomalizia katika Kutoka 18:23: fanya hivi, na Mungu akikuagiza hivyo. Ushauri ulikuwa mzuri, na bado aliuweka chini ya Mungu. Hapo ndipo penye tofauti.

Yoshua 9 inaonyesha mambo yanavyoharibika. Wagibeoni walikuja na mikate mikavu iliyoingia ukungu, viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, viatu vyenye viraka, wakadai wametoka nchi ya mbali. Watu wa Israeli hawakuwa wajinga. Walishuku, wakahoji, wakavichukua vile vyakula wakavikagua. Uchunguzi ulifanyika, ila mstari wa 14 unasema hawakutaka shauri kwa BWANA. Baada ya siku 3 wakagundua kwamba wale ni majirani zao, na kiapo cha kutowaua kilikuwa kimekwisha kuapwa. Kilibaki kikiwafunga: Sauli alipokuja kukivunja vizazi vingi baadaye, nchi ilikuja kupata njaa ya miaka 3 wakati wa Daudi (2 Samweli 21). Macho yao yaliona sawasawa, ila yaliona kile tu walicholetewa mbele yao. Kwa hiyo jambo linapoonekana wazi mno mpaka unaona hakuna haja ya kuliombea, hapo hasa simama.

Kuna kosa la upande wa pili, na mimi naliogopa zaidi kwa sababu linavaa mavazi ya kiroho. Watu huchomoa 1 Wakorintho 2:15, kwamba mtu wa rohoni hatambuliwi na mtu, wakaitumia kukataa kuonywa. Wanasema, "Roho ameniambia," na mazungumzo yanaishia hapo. Wewe endelea mistari michache tu mbele. Katika 3:1-4 Paulo anawaambia Wakorintho hao hao kwamba hakuweza kusema nao kama watu wa rohoni. Bado ni watoto wachanga, na dalili anayoitaja ni wivu na fitina, huyu akisema ni wa Paulo na yule wa Apolo. Kisha katika 14:29 anaagiza manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Neno la Roho halikimbii kupimwa.

Kipimo chenyewe kiko Yakobo 3:13-18. Yakobo haulizi ulisikia nini wala ulijisikiaje katika maombi. Anauliza mwenendo wako. Palipo na wivu na ugomvi pana machafuko, hata kama hoja ni nzuri. Hekima itokayo juu kwanza ni safi, tena ya amani, ya upole, tayari kusikiliza, imejaa rehema na matunda mema, haina fitina, haina unafiki. Pale kwenye "tayari kusikiliza" ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa hiyo kaa hapo muda mrefu.

Sasa fanya hivi. Andika uamuzi wako kwa sentensi moja, na chini yake sababu za kweli, pamoja na ile usiyotaka watu waijue. Kama kuna amri ya Mungu inayovunjwa, jambo limekwisha. Usiendelee kuombea ruhusa. Kama hakuna, omba hekima kama Yakobo 1:5 inavyosema, kisha wapelekee watu wawili au watatu wanaomcha Mungu, na mmoja wao awe mtu asiye na kawaida ya kukubaliana nawe. Waeleze mambo yote. Ukiwaficha nusu, watakushauri juu ya nusu. Soma Matendo 15 uone mitume walivyofanya: walihojiana sana, wakasikia ushuhuda wa Petro, wa Barnaba na Paulo, Yakobo akayalinganisha na maneno ya manabii, ndipo wakaandika kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na wao pia. Majadiliano yale marefu hayakumzuia Roho.

Ikiwa baada ya hayo njia mbili zote zimebaki safi, usikae ukingoja ndoto. Mjane katika 1 Wakorintho 7:39 aliambiwa yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Chagua, na ukishachagua usimwambie mtu kwamba Mungu amekuamuru pale alipokuachia uhuru.

Mzazi wako akupendaye.