Mlio wa ngoma ya vita kwenye gitaa

Mhariri,

Muziki wa gitaa unaokumbuka vita mara nyingi hutaka mlio wa ngoma ya kijeshi, na wengi huuharibu. Vuta uzi wa 6 uulalie wa 5 kwenye freti ya 9 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), zibane nyuzi zote mbili kwa kidole kimoja, ndipo upige. Kidole kikilegea, nyuzi huachana katikati ya mdundo na sauti ya kawaida huchomoza.

Si kila kazi itake ngoma, wala kilio. Mtunzi Mhispania Antonio José aliuawa kwa risasi mwaka 1936 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, lakini Sonata yake ya gitaa ni ya 1933, kabla ya vita. Wanaoipiga kama maombolezo tangu mwanzo wanaizima: huzuni imo sehemu ya 3, Pavana triste, yaani pavana (dansi ya kale ya polepole) ya huzuni.

Mpenzi wa gitaa