Si Dawa Iliyomuua Mbuzi Wako

Kila msimu wa kunywesha dawa ya minyoo, hapa dukani kwetu Masasi hatukosi mteja anayerudi na chupa mkononi: "Hii dawa mliyoniuzia imeniulia mbuzi." Tukimuuliza vizuri, habari ni ileile. Mbuzi alinyweshwa asubuhi, akakohoa sana, jioni akagoma kula, akaanza kuhema kwa shida, baada ya siku chache akafa. Wenzake walionyweshwa chupa hiyohiyo ni wazima kabisa. Mbuzi huyo alipaliwa, dawa ikaingia mapafuni.

Aliyewahi kushika mbuzi akichinjwa anajua kwamba shingoni mna njia mbili. Kuna mrija wa hewa, mgumu kwa sababu ya pete zake za gegedu, na kuna umio, yaani njia ya chakula, ambao ni laini na umelala bapa, usipoutafuta huuoni. Huko juu, nyuma ya ulimi, njia hizo hupishana kama barabara kwenye njia panda, na koromeo ndilo linaloamua nani apite. Mnyama akimeza, koromeo hupanda na kusogea mbele, kifuniko chake kidogo kikaziba mlango wa hewa, pumzi ikasimama kidogo, tonge likapita. Ila lazima ameze mwenyewe. Ukimwinua kichwa mpaka pua ielekee mbinguni, ukamvuta ulimi nje, ukamimina dawa yote kwa mkupuo, hawezi kumeza. Jaribu wewe: tazama dari, toa ulimi, halafu meza mate.

Kwa hiyo kichwa kisimame kawaida, pua isizidi usawa wa macho. Ingiza mdomo wa bomba pembeni mwa kinywa, pale penye pengo lisilo na meno, mimina kidogo, subiri ameze, ongeza. Akikohoa, acha, mwachie kichwa kabisa. Bomba la kunyweshea tunaliuza, na ukija na mbuzi wako tunakuonyesha bure. Chupa ya soda tunaikataza, maana ina kioo na yeye ana magego.

Upande wa ng'ombe, shida inaanza maembe yanapodondoka. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu na hana subira: humeza kwanza, kutafuna vizuri ni baadaye akiwa ametulia anacheua. Embe changa au kipande cha muhogo kikiwa kikubwa hunasa kwenye umio, mara nyingi karibu na koromeo au pale shingo inapoingia kifuani. Utamwona amenyoosha shingo, udenda unamwagika, anajaribu kumeza na hawezi. Mpapase shingoni upande wa kushoto, kwani umio ukishuka huegemea huko. Pengine utalisikia donge.

Hatari kubwa iko tumboni. Ng'ombe hucheua na kubeua kupitia umio uleule, na tumbo lake linatengeneza gesi mchana na usiku. Njia ikizibwa kabisa, ubavu wa kushoto hupanda ukawa ngoma, mapafu yakabanwa, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Hapa ndipo wengi hukimbilia mafuta ya kula. Kwa tumbo lililojaa povu baada ya kula majani mabichi, mafuta husaidia. Kwa aliyekabwa hayana pa kupita, yatarudi na kuingia kwenye njia ya hewa. Fimbo ndiyo mbaya zaidi, inatoboa umio, na umio uliotoboka hatuna cha kuufanya kijijini. Sisi tunakuja na mpira maalumu wa kupitisha kooni, na gesi ikiwa imezidi tunaitoa kwanza ubavuni.

Halafu kuna jambo ambalo hatulifanyii mzaha. Mnyama anayetoa udenda na kushindwa kumeza si lazima awe amekabwa. Kichaa cha mbwa hulegeza misuli ya koo, sauti ikabadilika, ng'ombe akalia kwa mkwaruzo, na mwenye ng'ombe akadhani kuna embe limenasa. Virusi vimo kwenye hayo mate. Usiingize mkono kinywani, hata kama jirani yako anasifika kwa kutoa maembe kwa mkono. Kama ulishaingiza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo, usisubiri kuona ng'ombe ataishia wapi.

Ukitupigia, anza na haya: amekula nini, tangu saa ngapi, ubavu wa kushoto umepanda kiasi gani, na kama kuna mbwa asiyejulikana aliyepita zizini wiki au miezi ya karibuni. Nauli ya bodaboda tunakubaliana kabla hatujaondoka. Wakati unatusubiri, mwondolee chakula na maji, mfunge kivulini, na kichwa chake kiachwe huru kiinamie chini ili udenda udondoke nje.