Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Mwezi Juni tulicheza bugobogobo, ule mchezo wa majembe wa Wasukuma, kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, Mwanza, tukaopoa magugu maji mara tatu, na kupanda miche 140 ndani ya zile mita 60 za ufuo wa Ziwa Victoria zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004.

Lililozua maneno ni uamuzi wangu wa mwezi Mei wa kuikabidhi ngoma yetu kubwa kwa Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Inasemwa hadi mwaloni, wanakoshukia wavuvi, kwamba mwenyekiti ameuza ngoma. Haikuuzwa. Imewekwa amana, hati ya makabidhiano anayo katibu, na imeandikwa wazi kuwa tutaichukua kila tutakapoihitaji. Wanaolaumu hawakuwapo nilipofungua stoo baada ya mvua, nikaipindua ngoma, unga wa mti ukamwagika miguuni mwangu kama pumba. Mchwa walikuwa wamefika karibu na wambo, pale ngozi ilipokazwa, na ngozi ilikuwa imelegea upande wa bati linalovuja. Mikutano miwili niliyoitisha kabla ya hapo haikutimiza akidi: kati ya wanachama 84 walikuja 19, kisha 16, ilhali katiba inadai 42. Bujora wanatunza mti na ngozi tangu Padri David Clement aanze kukusanya vyombo vya watemi (machifu) miaka ya 1950. Sisi dawa ya mchwa tu ilitushinda. Nakubali kwamba wazee wetu wa manju, yaani viongozi wa nyimbo na ngoma, walistahili kuarifiwa kwanza, na kwa hilo nimewaendea nyumbani kuwaomba radhi, lakini uamuzi wenyewe ningeurudia. Sisi watu wa ziwa tumeona aina nyingi za furu, wale samaki wadogo, zikitoweka baada ya sangara kupandikizwa, na leo wajukuu wetu wanayasikia majina tu. Sikuwa tayari ngoma ya babu zetu ifuate njia hiyo mikononi mwangu.

Kuhusu ada, waliolipa shilingi 12,000 ni wanachama 31, jumla shilingi 372,000. Tunadai shilingi 636,000. Baadhi ya wadaiwa ndio wanaouliza kwa sauti kubwa zaidi kwa nini bati halikuzibwa.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tunatarajia kuezeka stoo upya na kuanza kurekodi nyimbo za wazee, tukianza na wale ambao afya zao zimedhoofika.