Muulizeni mgonjwa amelala wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie pua ya mpwa wangu. Mnaweza kucheka, lakini pua hiyo imetuzungusha karibu miaka miwili, na swali ambalo lingetuokoa halichukui hata dakika moja.

Kijana ni fundi mitambo. Alikwenda Ethiopia na kampuni ya ujenzi wa barabara, akakaa mwaka na ushee huko nyanda za juu, kambi yao ikiwa chini ya genge la mawe. Anasema jua likianza kushuka pimbi walijaa juu ya yale mawe kama mbuzi wa mtu. Alirudi nyumbani Kibosho na kidonda kando ya pua, hakimuumi, kingo zimeinuka kama za sahani. Akapewa dawa ya kupaka, kikakauka polepole, tukasahau. Kisha pua ikaanza kuziba. Kila asubuhi anatoa magaga yenye damu, na mdomo wa juu ukavimba mpaka masharubu hayanyoleki.

Daftari lake la matibabu ninalo hapa mezani. "Mafua." "Mzio." "Jipu la pua." Chini ya kila neno amoksilini, au matone, halafu "arudi baada ya siku saba". Penye makazi pameandikwa Kibosho, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ukilisoma utadhani kijana hajawahi kuvuka hata Mto Weruweru.

Kijijini wao walishampima zamani. Wengine walisema karogwa kwa sababu ya hela alizorudi nazo, wengine wakanong'ona ukoma. Krismasi ukoo ulipokutana, kata ya mbege ilipita mkono kwa mkono, ilipomkaribia ikamruka. Shangazi mmoja akamletea kikombe cha plastiki, cha bluu. Alikishika tu hadi mbege ikapoa povu, hakunywa.

Aliyetufungua macho ni mtaalamu mmoja wa ngozi, tena kwa swali la kawaida kabisa: "Kabla kidonda hakijatoka, ulikuwa unalala wapi?" Kijana akaeleza kambi, mawe, pimbi. Yule mtaalamu akaweka kalamu chini. Akakata kinyama kidogo kwenye mdomo, kikaenda maabara, na jibu likaja: lishmaniasi, ugonjwa wa vimelea, ile aina inayoanza kwenye ngozi na kuingia utando wa pua na mdomo.

Mimi nimestaafu udereva wa malori, si tabibu, ila tangu siku ile nimesoma, na binti yangu anayesomea uuguzi amenisahihisha nilipokosea. Vimelea hivi huletwa na usubi, ambao wengine huwaita nzi wa mchanga ingawa hawahitaji ufukwe wowote. Usubi ni mdogo, kama theluthi ya mbu, na haimbi sikioni. Jike ndiye anayeuma, kuanzia jioni hadi alfajiri. Chandarua cha matundu mapana anapenya, ndiyo maana wanasisitiza kilichotiwa dawa. Kule Ethiopia vimelea hukaa kwenye miili ya pimbi, usubi hujificha kwenye nyufa za mawe na mapango, na mtu anayelala jirani huingia katikati yao bila kujua.

Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa aina hii inayoshika pua na mdomo wako nchi nne: Brazil, Bolivia, Peru na Ethiopia. Huko Amerika Kusini ugonjwa huu una ujanja mbaya zaidi, kwani kidonda cha mguuni kinaweza kupona kabisa, miaka ikapita, ndipo pua inaanza kuliwa kwa ndani hadi ukuta wa katikati unatoboka. Dawa ipo, ingawa ni sindano za kila siku kwa wiki kadhaa huku wakiangalia moyo na ini. Kilicholiwa hakirudi, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Na kwa kata ya mbege hauambukizi. Wala kwa kikombe, wala kwa kukaa benchi moja kanisani.

Sisemi ugonjwa huu umeingia Moshi, msinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba watu wa Moshi na Arusha hawakai Moshi na Arusha. Vijana wetu wanapita Namanga kwenda Kenya, wanafika Moyale, wengine wanafanya kazi za ujenzi na kupeleka wageni milimani. Kwenye mapango ya Mlima Elgon kuna vimelea vilevile vya Ethiopia. Baringo na Turkana, huko Kenya, kuna ndugu wa ugonjwa huu, kala-azar, unaoshika bandama na usipotibiwa huua. Tabibu anayeangalia jina la kijiji kwenye daftari peke yake ataona mafua kila siku.

Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Mji wetu una kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC tangu 1992, wanafunzi wanatoka nchi kadhaa za Afrika kuja kujifunza. Utaalamu uko umbali wa nauli ya daladala. Zahanati zetu hazihitaji mashine mpya kwa hili. Zinahitaji mstari mmoja zaidi anapopokelewa mgonjwa mwenye kidonda kisichopona, au pua iliyoziba miezi: mwaka huu na uliopita ulilala wapi? Jibu likiwa na mawe, mapango au jina la nchi nyingine, apelekwe kwa watu wa ngozi kabla hajaandikiwa amoksilini ya tatu.

Madereva wenzangu, nanyi msingoje kuulizwa. Kaeni kwenye kile kiti mtaje safari zote, hata ile ambayo tajiri hakuijua.

Dereva mstaafu,
Kibosho, Moshi